KONA YA FAMILIA: Mpira umekataa kuingia, ni dawa au ni mkono?

Mwezi huu kona yetu inaingia kwenye kibanda cha puli, au biliyari kama wanavyosema wenzetu waliotoka Bujumbura na Bukavu. Msishangae. Ni wazazi wenyewe wametuuliza.

Kijana anatoka nyumbani na sabuni ya mgao, au lita ya mafuta, anaiweka dau. Anakosa mpira ambao hata mtoto angeuingiza, halafu anarudi akisema jirani amemroga. Kesho yake mama wa huyu na mama wa yule hawasalimiani tena bombani. Maneno ya uchawi siyo mchezo, tunajua huwa yanafikisha watu wapi. Kwa hiyo kabla ya kumtaja mtu, tuulize kwanza mpira unakosaje.

Tuchukue kipimo. Mpira wa puli ya kimarekani una upana wa milimita 57 hivi (kuna meza nyingine za mipira midogo, milimita 51). Tuseme mpira unaotaka kuuingiza uko mita 1 kutoka shimoni. Mweupe ukiugusa milimita 2 tu pembeni ya pale ulipotakiwa kuugusa, basi ule mpira ukifika shimoni utakuwa umepotea kama sentimita 7. Milimita 2 ni unene wa sarafu! Na kama shimo liko mita 2, umepotea sentimita 14, unagonga ukingo na watu wanacheka. Hapo mchawi anatafuta nini?

Sasa hizo milimita zinatoka wapi? Nyingi zinatoka mwilini. Siku moja nenda pale kibandani, usiangalie mipira, angalia kichwa cha mpigaji. Fimbo haijamaliza safari yake, kichwa kimeshainuka kutaka kuona. Kichwa kikiinuka bega linafuata, kiwiko kinafuata, fimbo inakwenda upande. Na bure tu, sababu ncha ya fimbo inagusa mpira kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukishagusa umeshagusa. (Wale wanaopinda kiuno na kuinua mguu ili mpira ugeuke njiani, hao tunawapenda, wanatuchekesha, lakini mpira hauna masikio.)

Wengine wanashika fimbo kama mpini wa jembe. Mkono ukikaza, fimbo haiendi sawa. Wengine wameshainama, wameshaanza kupiga, ndipo wanabadili mawazo: hapana, kidogo kulia. Ukiona hivyo simama wima, uanze upya. Halafu kuna hawa mafundi wa kuzungusha mpira. Ukiupiga mweupe upande wake wa kushoto, hauendi sawasawa na fimbo ilivyoelekea, unasogea kidogo kulia. Bingwa anajua kiasi cha kurekebisha. Anayejionyesha mbele ya wasichana hajui, anakosa, na hapo ndipo anapotafuta mchawi.

Meza nayo ina makosa yake, tusiisingizie haki. Sakafu ni udongo, mguu mmoja umewekewa tofali, mpira ukienda polepole unateremka wenyewe. Mipira yenye vumbi inanatana kidogo inapogongana, na ule wa pili unavutwa nje ya njia yake. Mwenye meza aifute kwa kitambaa. Fimbo isiyopakwa chaki inateleza. Lakini meza hiyohiyo anaichezea na mwenzako.

Tumeacha dau kwa mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1985 huko Sheffield, Uingereza, ilichezwa fainali ya dunia ya snuka, mchezo ulio ndugu wa puli. Steve Davis alikuwa bingwa wa dunia, tena mara tatu. Alianza kwa kuongoza 8-0. Dennis Taylor wa Ireland Kaskazini akamfuata taratibu mpaka wakawa 17-17, na raundi ya mwisho ikabaki na mpira mmoja tu mezani, ule mweusi. Ilikuwa imeshapita saa sita ya usiku, na watu milioni 18 na nusu walikuwa wakiangalia kwenye televisheni. Davis akapata nafasi. Siyo rahisi sana, lakini kwake ilikuwa ya kila siku. Akaugusa mweusi kwa wembamba mno, haukuingia. Taylor akauingiza, akawa bingwa, naye siku zote mbili hakuwahi kuongoza hata mara moja kabla ya hapo.

Kama mkono wa Davis ulitetemeka, wa kwako wenye sabuni ya mama juu ya meza utafanyaje? Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima macho ya wacheza biliyari. Waligundua kuwa hodari hutuliza jicho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupiga, na kwamba kwenye mipira iliyoingia jicho lilitulia zaidi kuliko kwenye ile iliyokosa. Mwenye kufikiria mafuta aliyoyatoa jikoni hawezi kutuliza jicho, linakwenda kwenye dau.

Kijana anayetaka kujifunza bila kulipa, afanye hivi. Tafuta fimbo nyembamba iliyonyooka. Laza chupa tupu ya soda juu ya meza au benchi, mdomo ukuelekee. Inama, tuliza kichwa, peleka fimbo mbele na nyuma ndani ya mdomo wa chupa bila kugusa kioo. Ukisikia "ting", umepinda. Ukifika mara 20 bila mlio, nenda mezani, na sabuni uiache nyumbani.