Jenga Kwanza, Ndipo Ubomoe

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo, msomaji mpendwa, nakualika ufanye kinyume: ujenge ukuta, kisha uutie ufa kwa mkono wako mwenyewe.

Mchezo wa vita vya mezani si wa juzi. Mnamo 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha wanajeshi wa bandia sakafuni. Wachezaji wengi wa leo husogeza vijisanamu mezani, wakipima masafa na kurusha dadu. Aliyejificha nyuma ya ukuta huwa vigumu kumpiga kuliko aliye uwanjani, na ndiyo maana magofu yanahitajika. Mengi huundwa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa katika sanduku, vikiwa vimeshikana kwenye fremu.

Anza na vipimo. Katika kipimo cha 1 kwa 72, mtu wa mita 1.8 huwa na kimo cha milimita 25, na orofa ya mita 3 huwa kama milimita 42. Panga vipande bila gundi, kisha simamisha kijisanamu mlangoni. Asipopita, nyumba hiyo si yake. Hakikisha pia kwamba mkono wako unafika ndani, la sivyo mchezo utakwama.

Sasa usikate ovyo, kwani plastiki ikishakatwa haina dawa. Chora mstari kwanza kwa penseli, ukijiuliza kombora lilitoka upande gani. Ukuta hupasuka pale ulipo dhaifu, mara nyingi kutoka dirisha hadi dirisha. Pembe hudumu kwa sababu kuta mbili zinashikana. Na kilichoanguka hakikupaa mbinguni. Sharti kionekane chini. Gofu lisilo na kifusi ni uongo. Kwa hivyo usitupe vijiti vya fremu: vikatekate viwe matofali na mbao zilizovunjika.

Gundi ya plastiki huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja, basi tone dogo latosha. Mvuke wake ni mkali. Fungua madirisha na uwaweke watoto wadogo mbali. Kisu nacho kielekee mbali na vidole.

Paka rangi ya giza kote, uache ikauke. Kisha chovya brashi katika rangi nyepesi, uifute kwenye karatasi hadi ikaribie kukauka, na uipitishe juu juu ili kingo za matofali zing'ae. Kumbuka kwamba moshi hupanda: masizi yakae juu ya dirisha, si chini yake.

Najua kuna mzazi anayeuliza: je, hatuwafunzi watoto wetu kupenda vita? Swali hilo halistahili kupuuzwa. Wells mwenyewe alimalizia kitabu chake kwa kusema kwamba mchezo huu humwonyesha mtu jinsi vita halisi vilivyo upumbavu. Mwaka mmoja baadaye, Vita Vikuu vya Kwanza vikalipuka. Na huko Volgograd, Urusi, mji ulioitwa Stalingrad wakati wa mapigano ya 1942 na 1943, kinu cha unga cha matofali mekundu kimeachwa kikiwa gofu makusudi, ili anayepita akumbuke.

Nawe fanya hivyo mezani pako. Kabla ya kukata, mwambie mwanao ajenge nyumba nzima akilini: nani alilala chumba cha juu, jiko lilikuwa wapi, ngazi zilielekea wapi. Halafu, ukuta ukishavunjwa, bandikeni ndani kipande cha karatasi yenye maua, mweke na kitanda kidogo kilichopinda au sufuria iliyobaki mekoni. Mambo hayo hayaongezi alama hata moja katika mchezo. Lakini mchezaji atakayemwingiza mwanajeshi wake chumbani humo atajua kwamba ameingia nyumbani kwa mtu.

Kijana akijua kilichopotea kabla hajashika kisu, hatakuwa amejifunza kubomoa tu. Hadi Jumapili ijayo, jengeni salama.