Bwana Afya, Anza na Choo cha Soko

Makamanda, niko likizo nyumbani Gwarama, na nina jambo linanikaba koo kuhusu huu ukaguzi wa afya.

Tuelewane kwanza: sipingi ukaguzi. Kigoma tunakijua kipindupindu. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha. Hakuna mama ntilie aliyewaua wale.

Ndo maana ukaguzi wa maigizo unaniuma. Katika mji ninaosomea, mama tunayekula kwake alivamiwa saa saba mchana, wateja wako mezani. Kosa lake? Hana choo. Faini papo hapo, masufuria yakabebwa. Jamani, kibanda chake kiko ndani ya soko, ushuru analipa kila siku, na choo cha soko hilo kilikuwa na kufuli tangu masika! Mwenye soko hakuguswa, kwa sababu mwenye soko ndiye mkaguzi.

Sheria haiko hivyo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa mamlaka ya kuingia na kukagua, sawa. Lakini imeweka pia utaratibu wa notisi: mwambie mtu kasoro yake, mpe muda arekebishe. Na Katiba, ibara ya 13(6)(a), inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu haki yake inapoamuliwa. Haijasema "isipokuwa muuza maharage".

Kwa hiyo madiwani wetu, Kakonko, Kibondo hadi Kasulu, tuwabane kwa mambo matatu. Moja, ukaguzi uanze na majengo ya umma: soko, stendi, shule, zahanati, na matokeo yabandikwe ukutani kila mtu asome. Mbili, notisi ya maandishi itangulie faini. Tatu, faini ilipwe kwa kontro namba, si mkononi, na kila mwaka tuambiwe hela hiyo imejenga matundu mangapi ya choo.

Wakija mtaani kwako usikimbie, wala usitukane. Simama, uliza swali moja tu: "Afisa, choo cha soko umeshakikagua?"

Asipojibu, uliza tena kwenye mkutano wa kijiji.