Majina Yanayoficha Ugonjwa wa Mfupa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutueleza, hata hivyo, kwamba maradhi yaweza kufichwa na mtu asiyekusudia kuficha lolote, kwa kuyapa tu jina lisilo lake. Jina likishatolewa, mgonjwa hutulia, jamaa zake hutulia, na pengine hata mhudumu wa zahanati hutulia, na uchunguzi hukomea hapo. Mimi ni mhadhiri wa isimu na wala si daktari. Kalamu yangu haina mamlaka ya kumwandikia mtu dawa. Lakini majina ndiyo kazi yangu, na nadiriki kusema kwamba katika maambukizi ya mifupa, majina tuliyoyazoea yamechangia kuwalemaza watoto ambao wangeweza kupona.

Naliandika jambo hili nikiifikiria Oltepesi, kituo kilicho kando ya barabara ya Magadi katika Kaunti ya Kajiado, ambako nimekuwa nikienda kukusanya msamiati wa maradhi. Jina la mahali hapo ni la mti. Kwa Wamaasai, oltepesi ni aina ya mgunga, mti wenye miiba mikali na kivuli kipana. Mtoto anayechunga mbuzi chini ya migunga hiyo huchomwa na miiba mara nyingi hata asihesabu, na mwiba ni mojawapo ya milango ambayo bakteria huingilia hadi kwenye mfupa. Milango mingine ni jipu, kidonda kilichopuuzwa, mfupa uliovunjika na kuchomoza nje ya ngozi, na maziwa yasiyochemshwa. Aghalabu mlango wenyewe haujulikani kabisa: bakteria husafiri katika damu na kutua karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto anayekua, hasa karibu na goti.

Majina ninayoyalalamikia ni matatu: donda ndugu, kifua kikuu na baridi yabisi.

Tuanze na donda ndugu. Hili ni jina kongwe, nalo huitwa kidonda kisichopona, kinachokula nyama siku baada ya siku. Anayelitamka huwa amekwisha kukata tamaa, kwani donda likiitwa ndugu limekuwa la nyumbani na halifukuziki tena. Nilimwona mvulana wa darasa la tano aliyekuwa na tundu dogo chini ya goti, likitoa usaha kwa miezi mingi. Lilikuwa likifunga na kufunguka. Nyumbani na shuleni jibu lilikuwa moja: ana donda ndugu. Mwanzoni alipokuwa na homa kali na kushindwa kukanyaga, alitibiwa malaria katika zahanati moja, kisha homa ya matumbo. Baadaye akawa akinyunyiziwa unga wa vidonge vya antibiotiki juu ya tundu hilo, tiba ambayo wengi wetu tumeiona katika vijiji vyetu.

Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye ngozi. Bakteria, na mara nyingi zaidi huwa ni wa jamii ya stafilokokasi, walikuwa wameingia ndani ya mfupa. Usaha ukijaa humo hubana mishipa ya damu na kuubambua utando unaoulisha mfupa, na kipande cha mfupa kikakosa damu kikafa. Mfupa mpya huota na kukizunguka kipande hicho mfano wa jeneza. Hapo ndipo tatizo linapokuwa sugu kweli kweli, kwa kuwa dawa husafirishwa na damu, na mfupa uliokufa hauna damu. Mgonjwa aweza kumeza antibiotiki mwaka mzima, akapata nafuu kila mara, na usaha ukarejea kila mara. Dawa peke yake haifui dafu. Sharti daktari wa upasuaji autoe mfupa uliokufa, na autoe wakati ambapo mfupa mpya umekuwa imara kiasi cha kuubeba mguu. Mvulana yule hatimaye alipelekwa katika hospitali ya rufaa, akapigwa picha ya eksirei, akapasuliwa. Anatembea. Lakini alipoteza mwaka mzima wa masomo, na mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake.

Je, angeweza kutambuliwa mapema? Angeweza, lakini utambuzi wenyewe una mitego, na ni vyema walimu na wanafunzi wa sayansi waijue. Mtego wa kwanza ni eksirei. Katika siku 10 hadi 14 za mwanzo, picha yaweza kuonyesha mfupa ulio salama ilhali ndani yake moto unawaka, kwa sababu mfupa hauna budi kupoteza sehemu kubwa ya madini yake kabla ya picha kuonyesha kasoro. Picha safi katika juma la kwanza, basi, haimaanishi kwamba mtoto ni mzima. Mtego wa pili ni pupa ya dawa. Damu inapaswa kuchukuliwa na kuoteshwa katika maabara kabla ya antibiotiki kuanza, ili bakteria ajulikane na dawa inayomweza ijulikane. Mtego wa tatu ni usaha wa mdomoni mwa tundu. Ukipakwa kwenye pamba na kupimwa, mara nyingi huonyesha bakteria wa ngozi tu. Adui wa kweli hupatikana kwa kuchota kipande cha mfupa wenyewe. Na katika mji kama Kitengela, wenye wakazi waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwemo waliotoka Nyanza, Magharibi na Pwani, kuna mtego wa nne: mtoto mwenye selimundu hupatwa na maumivu ya mifupa ambayo ni vigumu kuyatofautisha na maambukizi, na akiambukizwa, mara nyingi mhusika huwa salmonela.

Jina la pili ni kifua kikuu. Hapa wasomi wenzangu wa Kiswahili huenda wasinipende. Jina hili limetafsiri mahali na kuacha ugonjwa. Bakteria ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882 hakai kifuani pekee. Huhamia kwenye tezi, kwenye figo, kwenye nyonga, na hupenda sana uti wa mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott alieleza ulemavu wa mgongo unaotokana na ugonjwa huu mwaka 1779, zaidi ya karne moja kabla ya tangazo la Koch. Leo mgonjwa huja na maumivu ya mgongo ya miezi kadhaa, jasho la usiku, kukonda, na hatimaye kibiongo au udhaifu wa miguu. Hakohoi. Makohozi yake, kama yapo, hayana kitu. Tukimwambia ana “kifua kikuu cha uti wa mgongo”, tumempa kifua mgongoni, naye ana haki ya kudhani tunamfanyia mzaha. Mtu wa kawaida asemaye “TB ya mgongo” amesema vyema zaidi kuliko kamusi zetu, maana herufi hizo mbili hazimfungi mgonjwa kifuani.

Jina la tatu ni baridi yabisi. Hili ni jina la ukarimu mno. Hupokea kila maumivu ya kiungo na mgongo. Katika nchi ya wafugaji, jina hili humficha brusela. Brusela ndiye anayewafanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, na kwa binadamu huja kwa maziwa mabichi au kwa mikono mitupu iliyomsaidia mnyama kuzaa. Huleta homa inayokuja na kuondoka, uchovu na jasho, kisha hutua kwenye viungo, nyonga na pingili za mgongo. Utafiti uliofanywa mwaka 2012 na 2013 katika Kajiado, Kiambu na Marsabit ulithibitisha kile ambacho wafugaji wenyewe walikishuku: palipo na mifugo iliyoambukizwa, watu wa boma hilo nao huwa wameambukizwa zaidi.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kumpachika kila mwenye maumivu jina la brusela. Kosa hilo nalo lipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika katika vituo vingi vya afya nchini kilikuwa kikiwatangaza watu wengi kuwa wagonjwa ilhali hawakuwa nao. Hatari yake ni kubwa kuliko gharama ya vidonge. Brusela na TB hufanana sana zikiwa kwenye uti wa mgongo, na baadhi ya dawa zao ni zile zile, hasa rifampisini na streptomisini. Mgonjwa wa TB anayetibiwa brusela kwa majuma sita hupata nafuu ya uongo, na bakteria waliosalia hujifunza kuishinda dawa. Brusela ya mgongo huhitaji dawa mbili au zaidi kwa muda usiopungua miezi mitatu. TB ya mgongo hutibiwa kwa miezi mingi zaidi, hata 12. Anayekosea jina hukosea dawa, na anayekosea dawa hukosea muda.

Ndiyo sababu nasema kwamba swali la kwanza katika ugonjwa wa mfupa si “unaitwaje?” bali “umeletwa na nani?” Jibu hupatikana maabarani, kwa damu, kwa sindano iliyoingizwa mgongoni, kwa kipande cha mfupa. Kipimo cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2010, chaweza kumtambua bakteria wa TB na kuonyesha kama rifampisini bado inamweza, kwa muda wa saa chache. Vifaa hivyo vipo nchini. Linalokosekana ni njia ya kuifikisha sampuli kutoka kituo cha mbali hadi kwenye kifaa, na kumfikisha mgonjwa kwa daktari wa mifupa. Kutoka Oltepesi hadi hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado, mgonjwa hana budi kupanda Kiserian kisha azunguke hadi Isinya. Mtoto asiyeweza kukanyaga hupelekwaje?

Jirani na Oltepesi ipo Olorgesailie, ambako akina Leakey walifukua kuanzia mwaka 1942, na ambako mwaka 2003 vilipatikana vipande vya fuvu la binadamu wa kale, aliyeishi yapata miaka 900,000 iliyopita. Wataalamu walitoka mbali kuja kuvisoma vipande hivyo, na walifanya vyema. Lakini ni aibu iwapo mfupa wa miaka 900,000 utapata msomaji stadi mahali ambapo mfupa wa mtoto wa miaka tisa haumpati. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, na kifungu cha 53 kinamtaja mtoto waziwazi. Kaunti ya Kajiado ina deni hapa: usafiri wa sampuli, kipimo bora cha brusela, na utaratibu wa rufaa usiomtegemea mzazi kuuza mbuzi. Upasuaji wenyewe haushindikani nchini. Hospitali ya CURE, iliyofunguliwa Kijabe mwaka 1998, hushughulikia mifupa na viungo vya watoto; tatizo ni wakati ambao mtoto huwafikia madaktari wa aina hiyo.

Wapo watakaonijibu kwamba watu hupenda miti shamba na wataalamu wa kuunga mifupa. Sioni haja ya kuwabeza wazee hao. Wao ndio wanaomwona mgonjwa kwanza, na wapaswa kushirikishwa ili wajue kwamba uvimbe wenye homa haukandwi, bali hupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Lakini anayemwona mtoto kila siku, kwa saa nyingi, ni mwalimu. Walimu wenzangu, ninyi ndio mnaojua nani alikimbia Jumatatu na nani anachechemea Alhamisi. Mtoto mwenye homa na maumivu yaliyokaa mahali pamoja juu ya mfupa, hata kama hakuanguka, asiambiwe kwamba anakua au kwamba anakwepa gwaride. Andikeni tarehe ambayo alianza kuchechemea, maana daktari ataihitaji. Mwenye tundu lisilofunga asiachwe nyuma ya darasa kwa sababu ya harufu. Harufu hiyo ndiyo barua yake ya rufaa. Mwenye maumivu ya mgongo yanayopita majuma machache apimwe, akohoe asikohoe. Nanyi wanafunzi, chemsheni maziwa, na mmwambie mkubwa mwiba uliobaki ndani kabla haujawa siri.

Nasi wa lugha tuna zamu yetu. Vitabu vya sayansi na mabango ya zahanati yaseme wazi “maambukizi ya mfupa”, yaseme “TB ya mgongo”, yaseme “brusela”, hata kama maneno hayo hayana utamu wa yale ya kale. Donda ndugu libaki katika fasihi yetu, ambako linafaa. Mguuni mwa mtoto halina undugu na mtu yeyote.