Utreexo au RSA? Mimi niko upande wa mti

Nimerudi. Kimya changu kilikuwa na sababu. Wiki tatu nzima kipakatalishi changu cha zamani hapa Voi kilikuwa kinahakiki bitikoini kuanzia bloku ya kwanza ya 2009, zaidi ya GB 600. Umeme ukapotea usiku, na asubuhi nikakuta hifadhidata ya UTXO imeharibika. Kuanza upya! Ndipo nikajiuliza kama kweli lazima mtu abebe mzigo wote huu.

Kwa wageni: bitikoini haina akaunti yenye salio kama M-Pesa. Ina vipande vya pesa. Ukilipa, vipande vyako vya zamani vinakufa na vipya vinazaliwa, kimoja cha uliyemlipa na kingine chenji yako. Kipande ambacho hakijatumika ndicho UTXO. Fikiria shamba kule Mwatate. Muuzaji anaweza kukuonyesha hatimiliki nzuri kabisa kumbe shamba ameshaliuza jana, kwa hivyo mnunuzi mwenye akili huenda kwanza ofisi ya ardhi kupekua rejista. Sasa kwenye bitikoini kila nodi ni ofisi ya ardhi, na rejista yake ina vipande zaidi ya milioni 150, zaidi ya GB 10 za data inayobadilika kila bloku. Diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4 hapo hulia.

Rafiki yangu wa Wundanyi husema najitesa bure, nitumie tu programu ya simu. Lakini programu nyingi za simu huuliza sava ya mtu mwingine. Sava ikisema ndiyo, na wewe unasema ndiyo. Waliokuwa na pesa FTX Novemba 2022 waliona salio kwenye skrini huku pesa zenyewe hazipo. Na sheria ya mali za kidijitali tuliyopata Kenya 2025 inatoa leseni kwa kampuni, haikuhakikii kipande chako.

Tiba ni muuzaji kuja na ushahidi wake mwenyewe, nodi ibaki na muhtasari mdogo tu wa rejista. Muhtasari wa namna hiyo huitwa akumuleta.

Akumuleta za RSA zinavutia kihisabati. Rejista nzima inakuwa namba moja ya baiti 256, na ushahidi hauongezeki ukubwa hata vipande vikiwa bilioni. Boneh, Bünz na Fisch wa Stanford walionyesha 2018 jinsi ya kuunganisha ushahidi mwingi kuwa mmoja. Ila namba hiyo hutegemea namba mbili tasa ambazo aliyezichagua lazima azifute. Asipozifuta, anaweza kughushi ushahidi wa pesa zisizokuwepo. Kuna watu hupendekeza namba ya shindano la RSA-2048, ambayo waandaaji walisema diski iliyoitengeneza iliharibiwa. Tumekimbia sava ya mtu ili tuamini diski ya mtu? Hapana, asante. Zipo hesabu zisizohitaji siri hiyo, lakini ni nzito kwa mashine kama yangu.

Utreexo ya Thaddeus Dryja (2019) hutumia heshi tu. Ni msitu wa miti ya Merkle: kila kipande ni jani, majani mawili huzaa heshi moja, mpaka kwenye mzizi. Nodi inahifadhi mizizi pekee. Kwa vipande chini ya milioni 268 mizizi haizidi 28, kila mmoja baiti 32, yaani baiti 896. Unaweza kuiandika kwenye karatasi! Na haihitaji kubadilisha kanuni za bitikoini.

Gharama ipo, na wapenzi wa Utreexo huipitia haraka mno. Ushahidi wa jani moja unaweza kufika heshi 27, baiti 864, kuliko muamala wenyewe wa kawaida. Jirani akitumia kipande chake, karatasi yako inachakaa, lazima uihuishe. Kwa kushirikisha heshi na kutenga akiba ya MB 500, Dryja alikadiria upakuaji wa ziada wa asilimia 25 hivi. GB 600 zikiwa 750, kwa mtu wa Maktau anayenunua bando hiyo si hesabu ya kuchekea. Lakini bando naweza kuligawa miezi sita, RAM siwezi kuigawa.

AssumeUTXO je? Bitcoin Core 28.0 (2024) inakubali nakala ya rejista ya bloku 840,000 na kukuruhusu uanze kazi huku uhakiki ukiendelea nyuma. Inaokoa muda, ila rejista nzima bado inakaa kwenye diski yako, ikingoja umeme upotee.

Kwa hiyo nimeweka Floresta, nodi ya Utreexo iliyoandikwa kwa Rust, kwenye mashine ile ile. Naanza na mtandao wa majaribio wa signet. Safari hii nimechomeka betri.