Tikiti ya Daraja Gani?



Juma lililopita tulikuwa Otonglo, kwenye barabara itokayo Kisumu kuelekea Busia, tukiwa wageni wa mama mmoja mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara miaka mingi iliyopita, na ambaye sasa ni bibi wa wajukuu. Mzee mmoja wa soko la pale alitueleza kwamba otonglo, katika Kijaluo cha wazee, ni jina la ile sarafu ya zamani ya senti 10. Ikiwa ndivyo, basi mazungumzo yetu yalipata mahali pake, kwani tangu Alasiri hadi kukaribia Magharibi hatukuzungumza ila nauli.

Mama huyu amealikwa harusi ya mpwawe huko Bukoba. Wasafiri ni wanne: yeye mwenyewe, wajukuu wawili wa kike, na binti amsaidiaye kazi za nyumbani. Njia fupi anaijua: apande basi, apite Busia, Kampala na Masaka, avuke mpaka Mutukula, afike. Lakini amewaahidi wajukuu kwamba watalala usiku mmoja ndani ya meli, na ahadi ni deni. Kwa hiyo ameazimia kushuka kwa njia ya Sirari hadi Mwanza, na huko apande meli ya usiku. Mwanawe aliyeko Dubai amemtumia nauli na, pamoja na nauli, picha nyingi za meli za matembezi za ulimwengu, ili watoto wachangamke.

Tuliziangalia picha zile pamoja nao. Ipo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwaka 2024, ambayo ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000. Zipo za Carnival na MSC, zinazohesabiwa kuwa za bei nafuu. Zipo za Silversea na Regent, ambazo ni za wenye mali. Mjukuu mkubwa alistaajabu kwamba safari ya juma zima katika zile za kwanza yaweza kuuzwa rahisi kuliko juma katika hoteli nzuri. Tukamweleza jambo ambalo muuza viungo yeyote wa Marikiti angelifahamu mara moja: bei ile ni ya kukuvusha mlango tu. Ukishapanda utalipia intaneti, utalipia baadhi ya migahawa, utalipia matembezi ya nchi kavu kila meli itiapo nanga, na utakatwa bahashishi ya wahudumu kwa kila siku na kwa kila kichwa. Meli za bei ya juu huyajumlisha mengi ya hayo katika nauli yenyewe, na pamoja nayo pombe, hata Muislamu akajikuta amelipia asichokinywa wala asichoruhusiwa kukinywa. Anasa ya namna hii, kwetu sisi, ina tundu lake.

Na katika baadhi ya meli za MSC mmetengwa sehemu iitwayo Yacht Club, yenye mlango wake, bwawa lake na mkahawa wake, ambamo mwenye tikiti ya kawaida hakanyagi. Tulipolisema hilo, mjukuu mdogo akauliza, "Na meli ikizama, wao wanazama mbali na wenzao?" Bibi yake akamkemea kwa kutaja mabaya kabla ya safari. Sisi hatukumkemea, kwani alikuwa ameuliza swali la siku ile.

Daraja za abiria si jambo geni katika ziwa hili. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na meli za mwanzo za ziwa zililetwa kutoka Uingereza zikiwa vipande, zikapitia bandari yetu ya pwani, zikaja kuunganishwa hapo Kisumu. Hata Victoria, iliyokuwa fahari ya ziwa kwa miaka mingi, iliundwa Glasgow, ikafumuliwa, ikaunganishwa upya Kisumu, na kuanza kazi mwaka 1961, ikiviunganisha Kisumu, Port Bell, Bukoba na Mwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli hiyo ikawa ya Tanzania. Mwaka 2020, baada ya matengenezo makubwa, ilirejea majini kwa jina la MV Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Bandari ya Kisumu siku hizi ni ya mafuta na shehena zaidi kuliko wasafiri. Kwa hiyo meli iliyounganishwa kilomita chache tu kutoka ua wa mama huyu, hana budi kuifuata Mwanza.

Meli ya namna hiyo huwa na daraja zake. Daraja la kwanza ni chumba cha watu wachache na kitanda cha kunyoosha mgongo. La pili ni vitanda vingi zaidi chumbani, au kiti kizuri. La tatu ni kiti cha kawaida, msongamano, na usingizi wa kuegemea mzigo wako.

"Sheikhe," akatwambia mama, "mimi na hawa watoto tutachukua la kwanza. Huyu binti atakaa la tatu na mizigo. Yeye amezoea."

Binti mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anaweka sinia ya chai na mahamri. Neno lile lilimfika. Aliinamisha macho, akarudi jikoni.

Ingekuwa rahisi kwetu kumsomea mwenyeji wetu mawaidha juu ya hadhi ya mtumishi. Mawaidha hayo anayajua, na pengine huyafundisha. Tulimsimulia badala yake habari ya MV Bukoba.

Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996 meli hiyo, ikitokea Bukoba, ilipinduka na kuzama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya watu 430. Orodha ya abiria ilikuwa na watu 443, na hao wote walikuwa wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Wale waliolipa nauli ndogo, wenye ndizi zao za kuuza na watoto migongoni, walipanda bila kuandikwa popote. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 800 au zaidi, na hadi leo neno ni hilo hilo, "wanakadiriwa", kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuwahesabia. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya Mwanza.

Mama akanyamaza. Tukamwambia kwamba pwani hatuna haki ya kuliona jambo hili kuwa la watu wa bara. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Nafasi yake ilikuwa ya watu mia sita na kitu. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema waliokuwamo walizidi 2,000. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye nafasi ya watu 101, kilipinduka hatua chache kabla ya kutia gati kisiwani Ukara, wakafa zaidi ya watu 220.

Akina mama mnaosoma, jambo hili linawahusu ninyi kuliko mnavyodhani. Mtu akipotea majini bila maiti na bila jina, sheria humwita mafqud, aliyepotea. Mkewe si mke wa mtu aliye hai wala si mjane. Eda yake ya miezi 4 na siku 10 aianze lini? Mirathi haigawiwi, kwani hairithiwi mali ya mtu ambaye mauti yake hayajathibiti. Wanavyuoni wametofautiana juu ya muda wa kungoja; wapo waliosema miaka 4, wapo waliosema zaidi ya hapo. Sheria ya ushahidi ya Kenya nayo humdhania mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7. Kinachoweza kumfupishia mwanamke njia hiyo mbele ya kadhi ni ushahidi kwamba mumewe alipanda chombo fulani siku fulani, na ushahidi ulio mwepesi kupatikana ni jina lake katika orodha. Kipande hicho cha karatasi hakina thamani ya kitanda cha daraja la kwanza, lakini mjane hula na kulea kwa hicho.

Wala hatuyasemi haya tukiwa wasafi. Miaka kadhaa nyuma tulivuka kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita kwa ajili ya darsa, tukiwa na mke wetu, mtoto wetu wa miaka 4 na wanafunzi watatu. Kijana mwenye daftari alituuliza majina. Sisi tulikuwa na haraka, na pengine tulipenda kujulikana, tukamwambia, "Andika Sheikh na wengine watano." Akaandika hivyo. Jaketi za uokozi zilikuwapo, lakini zote za watu wazima. Mtoto akavalishwa moja iliyomfika magotini, ambayo angeingia majini ingemvuka kichwani na kumwacha. Upepo wa alasiri ukatukuta katikati, chombo kikapiga ubavu kwa ubavu, watu wakaanza kuleta shahada. Allah akatufikisha salama. Usiku, tulipokwisha kula, mke wetu akauliza kwa sauti ya chini, "Mle daftarini mimi nilikuwa nani?" Hatukuwa na jibu, na hadi leo hatuna.

Tangu siku hiyo tunapochagua chombo, kikubwa au kidogo, hata mashua ya kutembeza watoto pale Dunga, hatuanzi na kiti. Twauliza chombo kinaruhusiwa watu wangapi, kisha twahesabu vichwa kwa macho. Twauliza ziko wapi jaketi za watoto, na tunamvalisha mtoto kabla kamba haijafunguliwa. Twataja majina kamili ya kila mmoja wetu, hata mwandishi akikunja uso. Katika ghuba ya Kisumu twapenda asubuhi, kwa kuwa alasiri huwa na upepo. Kitanda huja baada ya hayo. Mwanamke asafiriye bila maharimu wake chumbani aombe, wakati wa kukata tikiti, chumba cha wanawake watupu. Asingoje kufika mlangoni usiku.

Mama aliuliza pia kuhusu Sala. Awezaye kusimama asimame. Anayechelea kuanguka kwa mawimbi akae. Ziwani Makka ni kaskazini, na kuinamia mashariki kidogo kuliko tulivyozoea Mombasa. Na kwa kuwa meli ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba huelekea kaskazini magharibi, kibla kitakuwa mbele yake upande wa kulia. Chakula tulimshauri achukue chake. Mahamri yale, kwa ushahidi wetu, yangevumilia safari.

Kisha akachukua kikokotoo cha simu. Fedha za vitanda vitatu vya daraja la kwanza na kiti kimoja cha la tatu zikatosha vitanda vinne vya la pili katika chumba kimoja, na chenji ikabaki. Mjukuu mkubwa alinuna kidogo, kwani alikwisha kuwaahidi wenzake wa shule picha za daraja la kwanza. Bibi hakumsikiliza. Aliomba karatasi ili aandike majina ya kumpelekea jamaa wa Mwanza atakayekata tikiti.

Akaandika lake. Akaandika ya wajukuu. Alipofika jina la nne kalamu ikasimama. Binti yule amekaa nyumbani mwake miaka 3, naye alikuwa akimjua kwa jina moja tu, lile la kumwitia jikoni.

"Hebu njoo, mwanangu," akamwita.

Binti akaja akijifuta mikono kwa leso. Akataja majina matatu, la mwisho akilitamka herufi kwa herufi, polepole, kama asemaye na karani wa serikali. Mama akayaandika yote, kisha akamkabidhi karatasi na kalamu atazame kama yameandikwa sawa. Palikuwa na herufi moja ya kusahihisha.