Kabla ya Mkebe, Nunua Gorogoro

Wasee, leo nitakosana na watu. Sawa tu.

Wiki jana, kwa jimu moja hapa Ruiru, dogo wa kidato cha nne aliniambia siku hizi hali lanchi. Hiyo pesa ya lanchi anaiweka, anataka kununua ule unga wa kuongeza mwili, mkebe mkubwa. Yaani msee anakaa njaa ndio aweze kununua chakula. Soma hiyo tena polepole.

Sikumcheka, kwa sababu huyo dogo ni mimi. Nilipoacha chuo nilikuwa na kilo 58, nakaa kachumba kadogo Thika, na nilikuwa nimeamini shida yangu yote ni mwili. Nikachukua pesa ya kodi, elfu sita, nikanunua mkebe wa kilo tatu. Keateka akaweka kufuli lake juu ya langu. Na mkebe ulikuwa ndani.

Lebo niliisoma baadaye. Vitu huandikwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi, na cha kwanza kilikuwa maltodekstrini. Nikatafuta ni nini. Ni wanga uliokatwakatwa, na mara nyingi hutolewa kwa mahindi. Mahindi! Niko Kiambu, nimefungiwa nyumba, kisa mahindi yenye ladha ya chokoleti.

Sasa tuongee hesabu, kwa sababu hapo ndipo mnaibiwa. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 49 ya watu wanaobeba vyuma. Waliona kwamba ukipita kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, misuli haiongezeki tena kwa maana. Msee wa kilo 60 anahitaji gramu 96 hivi. Sio 200. Sio mikebe miwili.

Hizo 96 ziko wapi? Mayai mawili, 12. Nusu lita ya maziwa, 16. Githeri ya gramu 100 za maharagwe na gramu 100 za mahindi, ukipima kabla ya kuchemsha, 30. Ndengu gramu 100, 24. Omena kavu gramu 30, karibu 15. Jumla 97, na bado hujahesabu ugali wala chapo.

Na msiniambie githeri ni chakula cha bording. Mahindi yana upungufu wa lisini, maharagwe yana upungufu wa methionini, ukiyachanganya moja linajaza pengo la lingine. Shosho zetu hawakuwa na maabara lakini sufuria walikuwa nayo. Tumboni protini yote inakatwa kuwa asidi amino. Misuli haiulizi ilitoka kwa mkebe au kwa gorogoro.

Turudi kwa yule dogo. Protini ni kama mawe ya Ndarugo, kalori ndiyo pesa ya fundi. Ukileta lori la mawe na fundi hajalipwa, nyumba haipandi. Mwili nao ukikosa kalori za kutosha unaanza kuichoma protini kama makaa. Kwa hivyo anayekosa lanchi ili anunue protini, anainunua aichome.

Najua mtasema, "Lakini buda, unga unarahisisha." Kweli. Kijiko kimoja cha protini ya maziwa kina gramu 20 hadi 25, na kama unakula vizuri na chapaa iko, nunua. Kriatini pia inafanya kazi, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ingawa kilo za kwanza utakazoona ni maji mengi ndani ya misuli. Sina vita na hizo. Nina vita na mpangilio: mkebe kwanza, chakula baadaye.

Tena hujui kila kilicho ndani. Mwaka 2004 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 634 kutoka nchi 13. Bidhaa 94 zilikuwa na steroidi ambazo lebo haikutaja. Ukiwa mwanariadha na ADAK wakupime, "sikujua" haikuokoi, kilicho mwilini mwako ni chako. Na vile vidonge vya "kuleta hamu ya kula" mnavyouziana? Vingi ni siproheptadini, dawa ya mzio. Vinakupa njaa na usingizi. Misuli hapana.

Wenye wananiudhi zaidi ni sisi tunaotengeneza video. Kuna msee amejenga mwili kwa sindano, halafu anakuuzia kijiko. Na mimi si malaika, niliwahi kuletewa mkebe wa bure nikautangaza huku nikikula githeri hiyo hiyo jioni. Hiyo video nimeifuta. Pole kwa walionunua.

Dogo, kama unasoma hii: kesho kula lanchi. Ukishika elfu sita, panda mat hadi Soko la Madaraka, Thika. Chukua gorogoro ya maharagwe, ya mahindi, ya ndengu, omena, trei ya mayai. Kula hiyo mwezi mzima, beba vyuma, lala mapema. Chenji ikibaki, njoo tuongee kuhusu mkebe.