Kompyuta za Hospitali Zifundishwe Kuzungumza

Chukulia kwamba babako, mzee wa miaka 70 anayeishi Doldol, ameanguka nyumbani na hawezi kusema. Wauguzi wa pale wanamfahamu. Wanajua ana kisukari, na wanajua kwamba penisilini humdhuru. Anakimbizwa Nanyuki, mwendo wa kilomita 50 hivi, na hali inapozidi anapelekwa Nyeri. Huko unakuta kompyuta mezani. Hata hivyo, swali la kwanza utakaloulizwa wewe uliyefika mbio kutoka Nairobi ni hili: "Mzee hutumia dawa gani?"

Je, unajua?

Si lazima kompyuta ile iwe mbovu. Shida ni kwamba haizungumzi na wenzake. Mara nyingi hata katika hospitali moja, mashine ya malipo haijui lolote kuhusu majibu ya maabara, na mgonjwa ndiye tarishi anayebeba vikaratasi kutoka dirisha moja hadi jingine.

Mfikirie mgonjwa wa kifua kikuu ambaye pia ana virusi vya Ukimwi. Kifua kikuu huandikwa katika mfumo uitwao TIBU, nazo dawa za ARV katika KenyaEMR. Mwisho wa mwezi muuguzi huketi na rejista, akahesabu kwa kalamu, akajaza fomu za wizara, kisha tarakimu zikaingizwa katika DHIS2, mfumo ulioenezwa nchini kote mwaka wa 2011. Tarakimu hizo ni muhimu kwa wizara. Lakini zinahusu hasa jumla ya wagonjwa, na daktari wa zamu ya usiku hawezi kumtibu mzee wako kwa jumla.

Wala tusiseme kwamba hatuna ujuzi. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, rekodi za wagonjwa zilianza kuwekwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika sasa katika nchi nyingi, na ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake.

Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu tunayo kabatini. Mama mjamzito hupewa Kitabu cha Mama na Mtoto. Akikifungua Doldol au Mombasa, muuguzi anajua ukurasa wa chanjo ni upi na uzani wa mtoto huandikwa wapi. Watu walikubaliana mapema kila jambo liandikwe wapi na kwa maneno gani. Kompyuta nazo zinahitaji makubaliano hayo hayo, pamoja na nambari moja ya mgonjwa itakayotambuliwa kila mahali.

Kwa maoni yangu, kaunti isinunue mfumo wowote wa hospitali kabla muuzaji hajaonyesha, mbele ya wauguzi, kwamba unaweza kutuma na kupokea rekodi kutoka mfumo wa mtu mwingine. Laikipia na Nyeri ni kaunti mbili, lakini mgonjwa ni yule yule. Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka wa 2023 kwa nia ya kuunganisha mifumo hii. Mwulize diwani wako imefika wapi huko kwenu.

Wapo wanaohofia siri zao kusambaa. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa wenye virusi. Lakini karani wa malipo si lazima aone anachoona daktari. Mlango mmoja unaweza kuwa na funguo tofauti.

Kwa sasa, ukienda nyumbani wikendi hii, tafuta lile daftari la hospitali la mzee. Andika kwenye jalada, kwa herufi kubwa, majina ya dawa zake, kipimo cha kila moja, na dawa inayomdhuru. Piga picha ukurasa huo kwa simu yako, na umwachie jirani nakala.